Hakuna kitu kinaitwa "mtindo wa taifa" kwenye mpira. Vibonde wote wanashinda kwa dawa ile ile

#1 MzeeWaChandimu

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja, mwenye mawe arushe.

Tangu CHAN (michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) iishe, kijiweni kwetu hapa Tanga hakulaliki. Kila siku lazima mtu aseme Wabrazili wana mpira wao, Wajerumani wana wao, sisi hatuna wetu ndiyo maana hatufiki. Nimechoka kuusikia wimbo huo. Mtindo wa taifa ni hadithi anayosimulia aliyekwisha kushinda. Mtazameni mnyonge yeyote aliyetikisa mashindano makubwa: anajaza watu nyuma, anavumilia, anapata kona moja, anafunga, anarudi nyuma tena.

Ugiriki 2004. Kabla ya mwaka ule hawakuwahi kushinda hata mechi moja kwenye Euro wala Kombe la Dunia. Mwaka 1994 kule Marekani walicheza 3, wakafungwa 10, wao hawakupata hata bao la kuokota. Akaja Otto Rehhagel, Mjerumani. Mechi yake ya kwanza 2001 akapigwa 5-1 na Finland. Miaka 3 baadaye akamtoa Ufaransa 1-0, akamtoa Czech 1-0, fainali akamfunga Ureno 1-0 nyumbani kwake Lisbon. Mabao yote 3 ya kichwa. Sasa niambieni, kupiga vichwa ndiyo utamaduni wa Kigiriki? Socrates alikuwa anapiga vichwa?

Denmark 1992 waliitwa kutoka ufukweni, hawakufanya hata mazoezi, wakachukua kombe. Zambia kwenye Kombe la Afrika 2012 walipaki basi mwanzo mwisho. Nani ana jingine?

#2 Kidagaa

Socrates ninayemjua mimi ni Mbrazili na alikuwa anapiga visigino.

Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

#3 Beki_Mstaafu

Mleta uzi, hapo kwa Denmark umekula chumvi ya wenzio. Hiyo habari ya ufukweni inanoga lakini si yote. Yugoslavia walifungiwa kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, mwisho wa Mei, siku kama 10 kabla ya Euro kuanza. Denmark walikuwa wa pili kwenye kundi la kufuzu, na wachezaji wengi walikuwa tayari wanajiandaa na mechi ya kirafiki. Halafu timu yenye Schmeichel golini na Brian Laudrup mbele unaiitaje kibonde?

Ila kuna kitu kimoja unachoweza kukitumia kwenye hoja yako. Wakati ule beki alikuwa anaruhusiwa kumrudishia kipa kwa mguu na kipa anaudaka. Denmark waliitumia ruhusa hiyo hadi Wajerumani wakachanganyikiwa kwenye fainali: mpira kwa Schmeichel, Schmeichel anamgawia beki, beki anarudisha. Dakika zinakwenda. Wakashinda 2-0. Msimu uliofuata sheria ikabadilishwa. Mimi nilicheza enzi zote mbili, na nakuhakikishia ile sheria mpya ilitumaliza mabeki wa mikoani. Tulikuwa hatuna dawa nyingine ya kupumzika.

#4 MwanaLubumbashi

Jambo kwenu wote. Zambia mimi siwezi kunyamaza, maana kikosi kile tulikilea sisi. Stoppila Sunzu na Rainford Kalaba walikuwa TP Mazembe, hapa kwetu. Samatta wenu naye alikuwa hapa hapa, aliingia 2011, mnamjua.

Kusema Zambia walipaki basi ni kusema mtu hakuangalia. Mechi ya kwanza waliifunga Senegal 2-1, na Senegal ndiyo ilipigiwa debe wakati ule. Walikuwa wanakimbia, wanapasiana chini, Kalaba anatoka kushoto anaingia ndani. Fainali na Côte d'Ivoire ilikuwa 0-0, kweli, Drogba akapaisha penalti, wakaenda kwenye matuta wakashinda 8-7. Lakini hata ile 0-0 hawakuwa wamelala golini.

Na kuna jambo ambalo mbao ya kocha haielezi. Fainali ilichezwa Libreville. Ndege ya timu ya Zambia ilianguka karibu na mji ule tarehe 27 Aprili 1993, watu 30 wakafa. Kalusha Bwalya hakuwa kwenye ndege kwa sababu alikuwa Ulaya na klabu yake, na 2012 yeye ndiye alikuwa rais wa chama chao cha mpira. Timu ilikwenda ufukweni kuweka maua kabla ya fainali. Wewe utaniambia mtindo, mwingine ataniambia mpango. Mimi naona wale vijana walikuwa na deni.

#5 MzeeWaChandimu

@MwanaLubumbashi nimekubali kurekebishwa kwa Zambia, nafuta neno "mwanzo mwisho". Lakini deni halifungi bao, ndugu yangu. Kila timu inakwenda na deni lake.

#6 JabaliKisumu

Niaje watu wa Bongo. Mnasahau mfano wa juzi tu. Kenya 1 Morocco 0, Kasarani, CHAN, bao la Ryan Ogam. Na tulikuwa 10 uwanjani kipindi kizima cha pili baada ya Erambo kuonyeshwa nyekundu. Hiyo Morocco ndiyo ilikuja Dar ikawatoa nyinyi 1-0 halafu ikabeba kombe. Kwa hivyo kihesabu sisi ndio mabingwa, ni vile tu karatasi hazijaandikwa vizuri.

#7 Kidagaa

@JabaliKisumu na Madagascar aliyewatoa kwa matuta hapo hapo Kasarani naye kihesabu ni nani?

#8 JabaliKisumu

Hiyo tusiongelee sasa hivi.

#9 Sungusungu_Mwanza

Raha ya mechi yetu ya robo fainali: kocha wa Taifa Stars wakati ule, jina lake la utani ni Morocco. Kwa hiyo Morocco kafungwa na Morocco. Mke wangu alinisikia namwelezea mtoto akafikiri nimekunywa.

#10 BintiMkunazini

Mumcheke lakini mumheshimu. Hemed Suleiman ndiye aliyekuwa na Zanzibar Heroes kwenye Chalenji ya 2017, kombe la Afrika Mashariki na Kati, kule Kenya. Tukawafunga Bara 2-1 (samahanini wenyewe), tukawatoa Uganda nusu fainali 2-1, fainali na Kenya 2-2, tukafa kwa matuta Machakos. Na mwaka ule ule CAF, shirikisho la soka Afrika, walitupa uanachama Machi wakatunyang'anya Julai. Timu ambayo hata kwenye vitabu vya CAF haipo ikabakiza mikwaju tu kuchukua kombe.

Sasa @MzeeWaChandimu, Zanzibar ile haikupaki chochote. Ilikuwa ni pasi za miguuni, za karibu, zile zile utakazoziona jioni mchangani. Kwetu ukipiga mpira mrefu unazomewa na mama wa maandazi. Huo si mtindo?

#11 MzeeWaChandimu

Ni mtindo wa mtaa, Binti, si wa taifa. Na huku Tanga mama wa maandazi anazomea vile vile.

#12 MwalimuWaHesabu

Wakuu, mnatafuta paka mweusi kwenye chumba cha giza na paka mwenyewe hayumo. Mpira una mabao machache. Basi.

Chukueni timu kubwa ambayo kwa uwezo wake ingefunga wastani wa mabao 2 kwa mechi, na kibonde ambaye angefunga wastani wa 0.7. Nimekaa na kalamu: kibonde anashinda kama mara 12 katika 100, na sare zinakuja kama 20. Yaani kwenye mechi 3, moja mkubwa hatoki na ushindi ndani ya dakika 90, na hatujataja kocha, ufukwe wala mama wa maandazi. Kwenye mpira wa kikapu pointi ni nyingi, makosa yanajisahihisha, mwenye nguvu anashinda. Kwenye soka kona moja inafuta kazi ya saa nzima.

Mkitaka kibonde huyo apite hatua 3 za mtoano, na sare tuzigawe nusu kwa nusu kwenye matuta, inakuja kama mara 1 katika 100. Ni kidogo. Lakini mashindano ni mengi na vibonde ni wengi. Lazima mmoja apite, na akishapita ndipo nyinyi mnaanza kutafuta sababu.

#13 Kidagaa

Kwa hiyo Mwalimu hata waliofeli kidato cha 4 kwako ilikuwa ni sare zimegawanywa vibaya?

#14 Beki_Mstaafu

Mwalimu ana hoja, msimcheke. Hao hao Wagiriki kwenye kundi walifungwa na Urusi 2-1. Wakalingana na Hispania pointi 4, tofauti ya mabao sawa, wakapita kwa sababu walifunga mabao 4 na Hispania 2. Hispania angepata moja zaidi dhidi ya Urusi au dhidi ya Wagiriki wenyewe, leo Rehhagel angekuwa mzee mmoja aliyewahi kupita Athens.

Ila Mwalimu, hiyo 0.7 na hiyo 2 zinatoka wapi? Ndiyo kazi yenyewe ya kocha hiyo. Akiishusha 2 ikawa 1, hesabu yako yote imebadilika.

#15 MwalimuWaHesabu

Hapo umenibana. Nitarudi.

#16 Ukindu

Salaam. Mimi hufundisha historia, mpira napenda tu. Naona mnazungumza kama vile wakubwa wana mitindo na wadogo wana mbinu. Mbona mambo yalianza kinyume chake?

Chukueni ule mfumo wa Waitaliano, catenaccio, maana yake komeo la mlango. Dunia nzima inajua ni wa Kiitaliano. Lakini komeo lilichongwa Uswisi miaka ya 1930 na Karl Rappan, mzaliwa wa Austria. Alikuwa na wachezaji ambao wengi mpira haukuwa kazi yao kamili, akaona mtu kwa mtu hawataweza, akamweka mmoja nyuma ya mabeki wa kufagia. Kombe la Dunia 1938 Uswisi ikaitoa Ujerumani 4-2 kwenye mechi ya marudiano Paris. Italia nako lilitumika mapema kwenye timu ndogo, Triestina ya Nereo Rocco, kabla ya Inter ya Helenio Herrera kulipa umaarufu. Na Herrera mwenyewe alizaliwa Argentina.

Wahungari waliowapiga Waingereza 6-3 Wembley 1953 walisema wazi kwamba aliyewafundisha ni Jimmy Hogan, Mwingereza. Naye Béla Guttmann, Mhungari, alikuwa São Paulo 1957, mwaka mmoja tu kabla ya Brazili kuchukua kombe lake la kwanza. Ukichimba chini ya kila "mtindo wa taifa" unakuta mgeni ameketi na begi lake.

Kwa hiyo sikatai kwamba mitindo ipo. Nakataa kwamba inaota kama uyoga.

#17 MzeeWaChandimu

@Ukindu wewe ndiye umeniletea mawe ya kurusha, ahsante sana.

#18 Ukindu

Usiyarushe haraka. Komeo la Uswisi lilipofika Italia lilikaa miaka zaidi ya 30 na watoto wakakua wakiona ndiyo mpira. Kitu kikikaa muda huo kinakuwa chako. Pilau nalo lilikuja na jahazi.

#19 BintiMkunazini

Pilau msiliguse.

#20 MwanaLubumbashi

Basi kocha mgeni ndiyo dawa? Sisi Kongo, enzi hizo Zaire, tulikuwa na Blagoje Vidinić 1974, Myugoslavia. Machi tumechukua Kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba kafunga mabao 9 kwenye mashindano mamoja, hakuna aliyemfikia mpaka leo. Juni kwenye Kombe la Dunia tukafungwa 9-0 na hao hao Wayugoslavia. Kocha yule yule, wachezaji wale wale.

#21 Sungusungu_Mwanza

Si ndiyo ile timu ambayo beki alitoka kwenye ukuta akaupiga mpira wa adhabu wa Wabrazili? Hawakujua sheria wale.

#22 MwanaLubumbashi

Nilijua atatokea mmoja. Ndugu yangu, Mwepu Ilunga alikuwa bingwa wa Afrika, utasema hajui mpira wa adhabu ni wa nani? Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alifanya kusudi. Wachezaji walikuwa hawajalipwa posho zao, na walisimulia kwamba kabla ya mechi ya Brazili watu wa Rais Mobutu waliwaonya: mkifungwa 4, msirudi. Walifungwa 3. Ukiwa na mzigo huo mgongoni na mpira umewekwa mita chache na Wabrazili wamejipanga, hata wewe ungeubutua.

Na mechi ya 9-0, Mwepu alimpiga refa teke, refa akamtoa Ndaye. Makosa ya mtu mwingine. Watu wanaicheka video ya sekunde 10, hawaulizi.

#23 Sungusungu_Mwanza

Niwie radhi mkuu. Hilo la posho sikulijua.

#24 Beki_Mstaafu

Hapo kuna maelezo ya nne ambayo hayajatajwa: fedha na utulivu wa kambi. Nitasema la kwangu bila kutaja mtu. Timu niliyochezea iliwahi kufika fainali ya mkoa, kambini tukala ugali na maharage siku 6, siku ya 7 tukaambiwa nauli ya kurudi kila mtu ajitegemee. Kipindi cha pili miguu ilikuwa inafikiria basi. Tulifungwa 4. Waandishi wakaandika "wamezidiwa mbinu".

#25 KarafuuMuscat

Nawasoma kutoka Muscat. Naongezea la huku: Oman ilichukua Kombe la Ghuba hapa nyumbani 2009, fainali 0-0 na Saudia, tukashinda kwa matuta. Bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, alikuwa mbele ya televisheni anasoma dua kwa Kiswahili. Golini Ali Al Habsi. Ukiwa na kipa wa namna ile mtindo ni yeye.

Na Saudia hao hao kwenye Kombe la Dunia 2022 waliifunga Argentina 2-1, kocha Hervé Renard, yule yule wa Zambia. @MzeeWaChandimu, siku ile hawakujaza watu nyuma. Waliipeleka safu ya mabeki juu karibu na katikati, Argentina wakafunga mabao 3 ya kuotea kipindi cha kwanza. Hilo si basi, huo ni wazimu uliofanikiwa.

#26 JabaliKisumu

Na mechi 2 zilizofuata wakapigwa na Poland na Mexico wakaenda nyumbani. Kocha yule yule, wazimu ule ule.

#27 MwalimuWaHesabu

Nimerudi. @JabaliKisumu umenisaidia kazi. Mbinu moja, mechi 3, matokeo 3 tofauti. Hatuoni mbinu, tunaona kete zikianguka. Na tunakumbuka waliopasua tu. Nani humu anafungua uzi wa El Salvador 1982 waliofungwa 10-1 na Hungary? Pengine nao walikuwa na mpango mzuri sana.

#28 Kidagaa

Mpango wa kufunga 1 ulitimia.

#29 Sungusungu_Mwanza

Mbona hamtaji Cameroon 1990? Wanaifunga Argentina ya Maradona 1-0 ufunguzi, Omam-Biyik kichwa, wakamaliza wakiwa 9. Kisha Roger Milla na miaka yake 38 anafunga 4 kwenye mashindano. Ile ilikuwa nguvu na ufundi wa Kiafrika bwana, msituletee Waswisi.

#30 Ukindu

Kocha wao alikuwa Mrusi, Valeri Nepomniachi, anazungumza nao kwa mkalimani. Kwa hiyo hapa mgeni alikuwepo, ila sina hakika alichosema ndicho kilichofika masikioni. Labda siri ilikuwa mkalimani.

#31 Beki_Mstaafu

Senegal 2002 nao wana kisa chao. Siku wanaifunga Ufaransa 1-0, bao la Papa Bouba Diop, wote 11 walioanza walikuwa wanacheza ligi ya Ufaransa. Kikosi cha Ufaransa kilichoanza alikuwemo mmoja tu wa ligi hiyo, Leboeuf wa Marseille. Sasa nani alikuwa anacheza mpira wa Kifaransa pale? Na Zidane alikuwa majeruhi, hilo nalo tusilisahau.

#32 JabaliKisumu

Na Morocco 2022? 14 kati ya 26 walizaliwa nje. Uholanzi, Hispania, Ubelgiji, Ufaransa. Unaita huo mtindo wa Morocco ama mtindo wa pasipoti?

#33 KarafuuMuscat

Nusu ya pili uisome pia. En-Nesyri aliyemfunga Ureno, Ounahi na Aguerd walitoka kwenye akademia ya Mfalme kule nyumbani, karibu na Salé. Na mpaka nusu fainali bao pekee lililoingia golini kwao walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Walioletwa na waliolelewa walikaba pamoja.

#34 BintiMkunazini

Nauliza kwa heshima, wanawake hawachezi mpira? Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la wanawake 2023, mechi ya mwisho ya kundi na Italia, sare ingewatoa. Thembi Kgatlana anafunga muda wa nyongeza, 3-2, wanaingia 16 bora. Hakuna aliyejaza watu nyuma, maana walikuwa hawana muda wa kujaza. Walihitaji bao wakaenda kulitafuta.

Hoja yangu ni kwamba mnaposema "vibonde wote" mnachagua vibonde wenu.

#35 MzeeWaChandimu

Nimepigwa pande zote, nakiri. Narekebisha kichwa cha habari moyoni: vibonde *wengi*. Lakini swali langu la kijiweni bado halijajibiwa. Taifa Stars ikienda kwenye mashindano, icheze vipi? Mzee Mwinyi alituita kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia. Tumejaribu vinyozi wa nchi ngapi sasa? AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya Ivory Coast tulipigwa 3-0 na Morocco, kocha Amrouche akafungiwa, akakabidhiwa Hemed. Mechi ya Zambia tunaongoza 1-0 kwa bao la Msuva, wao wako 10, dakika ya 88 wanasawazisha. Hapo ndipo mtindo ungetusaidia au basi?

#36 Beki_Mstaafu

Hapo ungesaidia usingizi wa nyuma upungue. Kona ile nimeiangalia mara nyingi kuliko picha za harusi yangu.

#37 MwalimuWaHesabu

Dakika ya 88 nayo ni dakika kama nyingine.

#38 Sungusungu_Mwanza

Mwalimu, siku ile ungekuwa kwenye baa niliyokuwepo mimi ungeikosa hiyo hesabu na meno mawili.

#39 Kidagaa

Meno mawili hayana shida, Iceland iliyowatoa Waingereza 2016 mmoja wa makocha wake alikuwa daktari wa meno. Tumlete.

#40 MwanaLubumbashi

Alete na koleo, hapa Lubumbashi nina jino linanisumbua tangu Jumapili.

#41 BintiMkunazini

Karafuu, MwanaLubumbashi. Weka juu ya jino ulale. Kisha kesho uje utueleze Kalaba alikuwa anatoka kushoto au kulia, maana mume wangu hapa anabisha.

#42 MwanaLubumbashi

Kushoto, dada. Mwambie aje Lubumbashi aulize mtu yeyote.